Emily Mumbua Mutiso, Mama Aliyemlea Otilia

Marehemu Emily Mumbua Mutiso alizaliwa Mwala, Machakos, tarehe 14 Machi 1978, kifungua mimba wa Mzee Mutiso na mama yetu Rahabu. Mimi Nahashon, kitinda mimba, ndiye ninayesoma.

Alisoma Mwala hadi kidato cha nne, kisha akasomea ulezi wa watoto Machakos mjini.

Mwaka 2002 alikuja hapa Doha kumfanyia kazi Bintimfalme Leonora, wa ukoo wa Ulaya uliopoteza kiti cha enzi ukabaki na majivuno. Binti yake Otilia alikuwa mchanga. Leonora ameolewa mara tatu, na kila ndoa ilimletea mtoto nyumba mpya na baba mpya. Aliyebaki palepale ni Mumbua. Alimlea kwa Kiswahili. Siku moja Otilia alimwamkia balozi, "Shikamoo, umeshakula?" Mama yake akacheka, akidhani ni wimbo wa kulalia. Hadi leo mama huyo hajui neno la Kiswahili.

Mumbua hakuolewa. Kiprono, dereva wa hapa mtaa wa Najma, alimposa, Leonora akasema, "Ngoja kwanza mtoto akue." Kiprono hakungoja.

Otilia aliolewa Ulaya Mei mwaka jana. Mumbua alikuwa ameshashona nguo ya kuvaa harusini, akaambiwa ukumbi umejaa. Mwezi uliofuata saratani ya ini ikamlaza chumbani kwangu Najma. Kila siku aliniambia, "Mwite mtoto wangu aje." Nilimpigia Leonora, akaahidi kumwambia. Dada yangu alifariki tarehe 6 Februari, akiniuliza kama mlango uko wazi.

Juzi Otilia aliwasili baada ya kusikia msiba. Akaniuliza, "Mjomba, mama alisema Mumbua amechoka na sisi, amerudi Kenya, hataki kusumbuliwa. Alirudi Doha lini?" Nikamwambia angoje leo Ijumaa, ibada ya hapa kanisani Mesaimeer, kabla mwili haujasafirishwa.

Leonora aliomba kukaa viti vya wafiwa na jina lake litajwe. Tumempa vyote. Mchungaji alinishauri nisome kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Nimekataa.

Otilia, mwanangu, Mumbua hakurudi Kenya. Alikuwa Najma, na alikuita mpaka mwisho. Mama yako alijua. Mimi simsamehe.

Mumbua ameacha mama yetu Rahabu, mimi, na binti mmoja, Otilia. Hakuna mwingine.

Dada yangu na apumzike, amechoka. Nawe Otilia, mama yako akikuuliza nimesoma nini, mtafsirie.