Paipu Niliyoikunja Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asanteni kwa kuitikia, ingawa mkinisikiliza hadi mwisho huenda mtatamani mngenyamaza.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa magari hapa Kitale, na mwaka jana nilisimama mahali hapa hapa nikashuhudia jinsi Mungu alivyotutoa katika mtego wa adui kwenye mteremko wa Kamukuywa. Mlipiga makofi. Mlilia pamoja na mke wangu Selina, aliyekatwa mguu. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo.

Pikapu yangu ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yangu, na paipu za breki zilikuwa zimeliwa na kutu. Moja ya nyuma ilipotoboka, sikununua nyingine. Niliikata, nikaikunja ncha, nikaigonga kwa nyundo ili oili isivuje. Mafundi wenzangu mnaijua hiyo dawa. Gurudumu hilo linabaki bila breki, lakini gari linasonga. Ya pili ilipotoboka, nikaifanya vivyo hivyo. Kisha nikamwita mchungaji alipake gari mafuta na kuliombea! Nilimwachia Mungu kazi ya spana.

Siku ya kwenda Bungoma kwa mchango wa kanisa, jirani yangu Mama Nekesa, yule mjane anayeuza maziwa, alikuja langoni na kapu la kuku akiomba nafasi. Nilimwambia tumejaa. Akajitwika kapu lake na kusema, "Haya, mtafika mkifika." Basi. Yalikuwa maneno ya mtu aliyeudhika.

Kamukuywa nilikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Nikapampu, hakuna kitu. Paipu ya mbele nayo ilikuwa imepasuka kwa kutu, na za nyuma nilikuwa nimeziziba kwa mkono wangu. Tuliacha barabara, tukapinduka kwenye shamba la mahindi, Selina akalaliwa na gari.

Hospitalini mtu akakumbuka maneno ya Mama Nekesa. Ati ametuloga. Ndugu zangu, nilijua ukweli tangu nikiwa nimelala katikati ya mahindi yale! Lakini nilinyamaza, na nilipokuja hapa nikayathibitisha madai hayo kwa kipaza sauti, kwamba adui ni yeye. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua maziwa yake. Anayamwaga, na mimi namwona, kwa maana ua wetu ni mmoja. Chakula kilinishinda. Nilitamani kufa, na nikaogopa kufa. Maombi nayo yalinikauka mdomoni. Ningemwambia Mungu nini ambacho hakukiona?

Mwezi uliopita, pikapu ile ilipokwisha kunyooshwa, niliingia chini yake kubadilisha paipu zote. Selina alikaa kwenye kigoda, magongo yake kando, akipokea zile kuukuu. Moja akaigeuza, akaitazama ncha iliyopondwa.

"Hii ni nyundo yako," akasema.

Nilibaki mle chini nalia, kutu imenijaa usoni. Nilingoja aniulize habari ya mguu wake. Hakuuliza.

"Mama Nekesa anajua?"

Hapo ndipo Bwana aliponikamata! Nilienda kwake jioni ile ile, nikapiga magoti kwenye zizi na kumweleza yote. Hakuniinua. Alimaliza kukamua kwanza, kisha akaniambia, "Kanisemee pale uliponisema."

Ndiyo nimekuja. Paipu ni hii, mchungaji, naiweka hapa madhabahuni kila mtu aione. Sijui kama Selina amenisamehe. Tunakula meza moja, hatuongei sana. Mguu haurudi. Pikapu sasa ina paipu mpya magurudumu yote manne, na kila nikikanyaga breki nikaona inashika, roho inaniuma. Mama Nekesa hakuja leo, na simlaumu. Lakini namshukuru Mungu kwamba hakuniacha nife na uongo ule kifuani. Wewe uliyeketi hapo na jambo lako ulilolificha, mtumaini Yesu, litoe, hata likikuvunja. Mimi limenivunja, na bado yuko nami.

Tukimaliza ibada napita kwa Mama Nekesa kununua maziwa. Nimekuja na chupa yangu. Anayeamini kwamba Mungu wetu ni wa kweli, achukue yake, twende.