Kaka Yangu Jicho na Bati Lenye Matundu Kumi na Saba

Ndugu, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu: mimi ni mdogo wake, niliyemfuata ziwa. Kazi ya kusoma wasifu huu alinipa mwenyewe. Mnaonijua mnajua siwezi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, basi nivumilieni.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli. Baba yetu alikuwa karani wa mizigo, mama alishona mashuka ya hospitali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza sekondari mwaka 1972, kisha akasoma chuo cha ufundi kwa miaka mitatu. Alipokuwa na miaka kumi, sahani ya mama ilikutwa vipande vipande. Nikaapa kwamba imeanguka yenyewe. Kaka akavipanga vipande sakafuni, akavitazama weee, akasema, "Mama, hii haikuanguka. Imegongwa kwenye bomba." Nilichapwa, na kweli nilikuwa nimeigonga. Tangu hapo nyumbani tuliliamini jicho lake, na hata kazini wakaja kumwita hivyo hivyo, Jicho.

Mwaka 1976 aliajiriwa karakana ya ndege kama fundi bati. Mwaka 1989 akahamishiwa ofisi ya uchunguzi wa ajali, na huko kazi yake ikawa kusoma picha za mabaki. Alijua ribiti, yaani ile misumari inayoshika bati, huachana kwa kiasi gani. Kwa rula na lenzi aliweza kupima tundu ambalo hakuwahi kuligusa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1980, alifunga ndoa na wifi yangu, muuza dawa. Walijaliwa mabinti wawili. Kaka alileta picha zake hadi mezani, na wifi alikuwa akimuuliza, "Mume wangu, hapa tunakula au tunazika?" Anazikusanya, anaomba radhi, kesho yake ziko palepale.

Tarehe 20 Agosti 1998 ndege yenye watu arobaini na mmoja ilianguka mahali penye mapigano. Hakuna mchunguzi aliyeweza kufika. Zilikuja picha thelathini na sita ndani ya bahasha. Moja ilionyesha bati la ubavuni, jeusi kwa moshi, lina matundu kumi na saba, na kingo za matundu zimepinda kumwelekea mpiga picha. Kaka aliona kwamba huo ni upande wa nje, basi nguvu imetoka ndani. Akaandika: bomu kwenye mizigo. Nani angembishia Jicho? Mpakiaji mizigo wa siku ile, baba wa watoto watatu, alifungwa miaka kumi na moja.

Mwaka 2015, akiwa amestaafu, kaka aligundulika kuwa na saratani ya koo. Asubuhi moja akaitoa tena picha ile. Kwa nje, vichwa vya ribiti husawazishwa na bati. Mikia iliyovimba huwa ndani. Katika picha ile, chini ya moshi, ilionekana mikia. Wifi alimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliniambia kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "Mdogo wangu, nililitazama kwa ndani nikadhani ni nje." Mimi ni fundi cherehani, nikamwelewa upesi, maana hata nguo ukiigeuza mshono unasema kinyume. Kitu kilikuwa kimeingia kutoka nje. Kombora. Nani alilirusha, kaka hakujua wala hakubahatisha. Lakini bomu halikuwamo, na mpakiaji hakuua mtu.

Pembeni mwa picha hiyo kuna kiatu cha mtoto. Kaka alikifunika kwa kidole kila alipoitazama, mpaka pale pamefubaa.

Aliandikia ofisi barua tatu. Wakamjibu kwamba faili limefungwa, wakamkumbusha kiapo chake cha siri. Kaka aliogopa. Nasema hivyo nami nampenda: aliogopa, akanyamaza mwaka mzima, akikonda kwa ugonjwa na kwa hilo. Ndipo akaenda kwa mpakiaji. Yule alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Mimi ulinisema mbele ya watu. Haya unayoniletea mlangoni, kayaseme mbele ya watu." Kaka akakubali. Wiki tatu baadaye alifanyiwa upasuaji, sauti ikaondoka yote. Akaniandikia kwenye daftari: "Utasoma wewe. Usipunguze neno." Juzi watu wa ofisini kwake walinijia wakiniomba niiruke sehemu hii. Mmesikia wenyewe kwamba sikuiruka.

Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2017, saa nne asubuhi, wodi namba sita, wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu wanne na mimi.

Mpakiaji yuko hapa, amekaa nyuma na mkewe. Jana nilimpelekea karatasi hizi azisome kwanza. Alizisoma mara mbili. Nikamuuliza kama ananiruhusu nimalizie kwa kumwombea kaka pumziko. Akasema, "Dada, mimi sijafika huko. Nitakuja kusikiliza tu."

Kwa hiyo, ndugu zangu, leo naomba kwanza amani ya aliye hai. Kaka yangu, wewe subiri.