Mwalimu Gad Niyonsenga na Ukuta Tuliouvunja

Mwalimu Gad Niyonsenga anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, baada ya kufundisha historia katika shule yetu hapa Rusizi, Rwanda, kwa miaka thelathini na miezi sita. Hakuwahi kuomba uhamisho, na siku alizokosa kazini kwa ugonjwa hazifiki kumi. Mhariri wa jarida hili aliniomba nimwandikie maneno ya furaha yasiyozidi kurasa mbili. Kurasa mbili nitazitimiza. Furaha sina hakika nayo.

Gad alizaliwa Bukavu, ng’ambo ya mpaka huko Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alinunua karanga sokoni Kadutu, zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu cha Kifaransa. Ukurasa huo ulikuwa na picha ya mtaro wa maji machafu uliojengwa kwa matofali zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, katika mji wa Mohenjo-daro, bonde la mto Indus, nchi ambayo leo ni Pakistani. Alirudi mbio kwa muuza karanga akanunua kitabu chote kilichobaki, kurasa sitini na kitu bila jalada. Vijana wa umri wake walipenda piramidi. Yeye alipenda mtaro. Mpaka leo husema kwamba watu waliofikiria maji machafu ya jirani kiasi hicho, na ambao hatujui hata kama walikuwa na mfalme, wanastahili kuchunguzwa polepole.

Alifika kwetu Januari 1996. Shule haikuwa na ramani wala vitabu vya kutosha, na darasa moja halikuwa na mlango. Mwalimu Gad aliwachukua wanafunzi wake hadi kwa wafyatuaji wa matofali wa Nyakarenzo, akawaomba kalibu ya vipimo vya watu wa Indus: kimo sentimita saba, upana kumi na nne, urefu ishirini na nane. Wafyatuaji walicheka. Mmoja akamwambia, “Mwalimu, tofali ya vile haijengaka nyumba ya muntu.” Hata hivyo waliyachoma, na kuanzia mwaka huo kila darasa la nne lilifyatua matofali saba, moja kwa kila kundi. Kabla udongo haujakauka, wanafunzi waliandika kwa msumari majina yao, mwaka, na alama moja ya maandishi ya Indus, ambayo hakuna mtu duniani aliyeweza kuyasoma. Aliyejaribu kubuni maana alikatwa alama mbili.

Matofali hayo aliyapanga nyuma ya darasa la nne, bila saruji, yakawa ukuta mfupi usiozunguka kitu chochote. Haukuwa pambo. Kila Julai, kuanzia mwaka uliofuata, aliyatoa moja moja, akayasugua, akayapima uzito na kuandika mvua ya Rusizi imelila kila tofali kiasi gani. Mizani aliazima kwa Maman Feza, muuza sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, wa mpakani Rusizi ya Kwanza, ambaye kila mwaka aliileta mwenyewe na kila mwaka alilalamika. “Mwalimu, mizani yangu inazoea samaki. Ukiipatia mawe itanikasirikia.” Halafu alikaa hadi tofali la mwisho.

Wanafunzi walimwita Papa Tofali, naye aliitika. Katika sherehe ya nyumba mpya ya mkuu wa masomo alionekana nyuma ya jiko akipima ukuta kwa futi, amesahau chupa ya Fanta juu ya dirisha. Mtaala ulipobadilika na bonde la Indus likabaki mistari michache, alianzisha klabu ya Jumatano, bila posho. Wataalamu wa chuo kimoja cha India waliopata habari zake walimwandikia mara mbili. Walitaka jedwali lake la vipimo likitimia miaka thelathini, kwa sababu wao huchimbua matofali yaliyokwisha kulika, lakini ni wachache waliokaa kuyatazama yakilika. Kipimo cha thelathini kilikuwa kifanyike mwezi huu. Ndicho kitu pekee alichokuwa akikisubiri kabla ya kwenda nyumbani.

Kipo kisa kimoja alichokifundisha kwa hasira kila mwaka. Zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, wajenzi wa reli walikuta magofu ya Harappa, mji dada wa Mohenjo-daro. Walihitaji kitu cha kutandika chini ya reli, wakachukua matofali ya mji ule, wakayavunja na kuyamwaga, kilomita nyingi mno. Treni zikapita juu yake. Wanafunzi waliuliza kama watu wale hawakuona kwamba ni mji. Mwalimu Gad alijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, na jibu halikuwahi kubadilika: “Baliona. Ila balikuwa na haraka.”

Sasa nifike Jumamosi ya mwisho ya Mei, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mvua za masika zilikuwa zimechimba korongo kwenye barabara yetu ya kuingilia, na wageni wa ukaguzi walitarajiwa Jumanne. Mwalimu Gad alikuwa Gashonga anakoishi, akifanya umuganda na majirani zake kama inavyotakiwa. Ekonomu wetu, Bwana Jean-Paul, msimamizi wa mali ya shule, alikosa mawe. Akaelekeza watu nyuma ya darasa la nne. “Twende mbio, Jumanne wageni bako hapa,” alisema. Matofali mia mbili na kumi yalivunjwa kwa nyundo, yakabebwa kwa mabeseni na kumwagwa kwenye korongo. Juu yake wakatandaza udongo mwekundu. Kazi ilikwisha saa tano kasoro, na tulipigiana makofi.

Jean-Paul alisoma hapa. Darasa la nne, mwaka 2003. Kisa cha reli alikisikia kwa masikio yake, na nina hasira naye ambayo sitaipunguza kwa ajili ya sherehe. Asitwambie kwamba hakujua. Na wageni walipokuja Jumanne walikaa dakika arobaini, gari wakaliacha nje ya geti.

Mwalimu Gad hakupiga kelele. Laiti angepiga. Jumatano alikuja na kamba na vigingi, akaigawa barabara katika miraba ya mita moja, akaanza kuchimba na klabu yake kwa mwiko na brashi ya rangi. Kila kipande kilipewa namba na kuingizwa kwenye daftari: mahali kilipopatikana, kina, hali yake. Uongozi ulimwomba asubiri hadi likizo kwa sababu barabara inaonekana vibaya. Hakusubiri. Hadi ninapoandika haya, matofali tisini na matatu yametambuliwa. Mazima ni matatu. Mawili yalitoka barabarani. Kuhusu la tatu daftari linasema hivi: “Namba 52, kundi la mwaka 2003. Mahali: juu ya meza ya ekonomu. Hali: zima.” Kabla nyundo hazijaanza, Jean-Paul alikuwa ameliondoa la kwake. Linakandamiza karatasi zake.

Jedwali la miaka thelathini halitatimia. Matofali matatu hayaonyeshi kitu, na barua ya kwenda India Mwalimu Gad ameiandika mwenyewe, mistari minne, bila kumtaja mtu. Ijumaa saa nane mchana tutamkabidhi saa ya ukutani na kitenge cha mkewe, na watu watasimama kusema alikuwa mtu wa upole. Alikuwa mvumilivu, si mpole, na tulikula uvumilivu wake hadi mwisho.

Wiki iliyopita alipita kwa kila mmoja aliyekuwepo Jumamosi ile, akiuliza beseni lake alimwaga wapi, ili ajue pa kuchimba. Alifika na kwangu. Mimi nilibeba mabeseni sita. Majina niliyaona, moja nililisoma lote, nikajiambia haya hayanihusu, nikajaza beseni. Nilimwonyesha mahali kwa kidole bila kumtazama usoni. Aliandika, akafunga daftari, akasema, “Asante Maman Joselyne, ile itanisaidia.”

Asante ile sikuistahili, Mwalimu, na imenikosesha raha kuliko tusi lolote. Nairudisha kwako leo kwa niaba yetu sote. Nenda Gashonga ukapumzike, uwe na afya na miaka mingi. Barabara hatutaitengeneza mpaka useme umemaliza.

Joselyne Mukabera, mwalimu wa jiografia