Maksai wa Mwaka wa Njaa

Gari lilipotoka Mandewa, kijana mwenye koti la kampuni ya ndege alikuwa anamweleza mzee aliyekaa naye kuhusu mwaka wao mbaya: mafuta yalipanda, abiria wakapungua, mafundi themanini wakaachishwa kazi. "Lakini hasara imepungua, babu."

"Sisi mwaka wa njaa tunauza mbuzi," mzee akajibu. "Ukiuza maksai, mvua ikinyesha utalima na nini?"

"Uongozi umepiga hesabu, babu. Hapakuwa na njia nyingine." Aliutetea kana kwamba mkurugenzi amekaa siti ya nyuma. Nyuma nilikuwa mimi tu, na jogoo wangu.

Gari likasimama Ihanja. Kijana akashuka na sanduku lake la spana. "Umekuja likizo, mjukuu wangu?" mzee akamuuliza dirishani.

"Hapana, babu. Nimekuja kulima."