Mtani Wangu Getini

Bwana Yesu apewe sifa zake, ndugu zangu, na mwenye amina aitoe kwa sauti! Mimi ni Bibi Mariamu wa Chole, ile ya Kisarawe. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu wangu Tabu. Injinia Tabu! Nirudie? Injinia!

Tabu nimemlea mimi. Mama yake alifariki akimzaa, ndipo nikamwita hivyo. Nimelima muhogo, nimechoma mkaa, nimesuka ukili, mpaka akamaliza chuo akaajiriwa Kibaha, kwenye kampuni inayotengeneza minara ya chuma ya kubebea nyaya za umeme. Karakana nzima wanaume, mwanamke yeye peke yake. Na kazi aliiweza, ndugu zangu! Shida ilikuwa yale mambo ambayo mwanaume hayaoni. Ovaroli walimpa ya kiume, miguu kaikunja kama mtu anayevuka mto. Choo cha wanawake hakuna. Mwanangu alikuwa hanywi maji kutwa nzima, katika joto lile la chuma, asije akabanwa. Mkojo ukawa unamchoma, anameza dawa, anarudi kazini. Kusema hasemi. Angesema, wangemwambia, "Si tulikwambia hii kazi ya wanaume?"

Kisha akajifungua mtoto wa kiume, Baraka, kilio chake kama tarumbeta. Likizo ya uzazi ilipokwisha nikahamia kwake Maili Moja nimlee mtoto. Tabu kurudi kazini, nafasi yake karakanani kaishika mwingine, yeye kawekwa mapokezi aandike wageni. Injinia, ndugu zangu, anaandika wageni! Na ndicho kipindi walichokuwa wanatafuta msimamizi wa karakana, cheo alichokitamani tangu siku ya kwanza. Wakasema, "Huyo ananyonyesha, mwacheni apumzike."

Aliporudi nyumbani alinitupia kofia yake ya kazi mapajani. "Bibi, mimi naacha. Twende tukalime."

"Muhogo haujakuita," nikamwambia. "Kofia hii kesho uivae."

Nilijikaza tu. Moyoni nilikuwa nimekwisha. Nikapiga magoti: Bwana, mimi wakubwa siwajui, nionyeshe mlango. Naye akanionyesha geti!

Kesho yake Baraka akakataa chupa. Akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nimemfanya nini. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, mguu na njia, mpaka kazini kwa mama yake. Mlinzi akanizuia. "Bibi, watoto hawaruhusiwi humu." Nikaketi palepale, katikati ya geti. Gari la mkurugenzi likaja likasimama, akashusha kioo.

"Shikamoo mama. Mbona umetufungia njia?"

"Marahaba. Nimeleta mtoto anyonye."

Akacheka kusikia ninavyoongea. "Mzaramo huyu! Leo kwenu hakuna ngoma? Hakuna mwali wa kumtoa?"

"Na wewe wa wapi?"

"Mnyamwezi, wa Tabora."

Haleluya! Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani humwambia mtani neno lolote, na mwenzake haruhusiwi kununa. Roho akanifungua kinywa, ndugu zangu!

"Ahaa! Babu zako walipita kwetu wakienda pwani na mizigo kichwani, ulimi nje, tukawapa maji ya visima vyetu. Leo mjukuu wangu yumo humo ndani mwako, injinia, hanywi maji kutwa kwa kuwa hamna choo chake! Na huyu mgongoni mnamnyima ziwa la mama yake! Mnyamwezi gani wewe usiye na shukrani?"

Mlinzi akashika kichwa. Mkurugenzi akacheka, akacheka, halafu kicheko kikakatika.

"Hana choo?"

"Muulize anajisaidia wapi."

Akashuka garini. "Mtani, leo umenipata. Ingia ndani."

Wiki ileile Tabu akarudishwa karakanani. Choo kikajengwa, chenye mlango na komeo lake! Stoo ya matairi ikapakwa rangi, ikawa chumba cha kunyonyeshea. Na kile cheo? Msidhani alipewa kwa huruma! Waliokitaka wote walipewa kila mmoja mnara wake wa kusimamia, minara ikaja ikakaguliwa, na wa Tabu ndio uliosifiwa. Leo ndiye msimamizi wa karakana. Wameajiriwa wasichana wengine, ovaroli zao zinawakaa, na anayekwenda kujifungua anarudi anaikuta nafasi yake inamngoja. Mlinzi yule akiniona kwa mbali anafungua. "Pita, Bibi Geti, kabla hujaketi!"

Tabu, simama wakuone. Na kofia uivae, hapa ni kwa Baba yako!

Sasa wewe dada unayevumilia kiu kazini kwako, wewe mama ambaye binti yako amerudi analia anataka kuacha: mtumaini Bwana, maana mimi amenisikia. Omba. Ukishaomba, mfunge mtoto mgongoni, uende getini. Amina, ndugu zangu, na maji mnywe!