Fidès na Suruali ya Magome

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Fidès Nduwayo, msanii wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Malaria ilimchukua juma lililopita. Ndiyo, Fidès, binti wa Mama Véronique, aliyekimbia pamoja na mama yake kutoka Rumonge, Burundi.

Fidès alishona nguo za magome. Watu walipokata miti ya miyombo kwa kuni, yeye aliokota magome, akayaloweka, akayaponda mpaka yakalainika. Mwaka jana, 1995, alishona suruali na koti lake: mbele vifungo vya kiume, nyuma mbeleko ya mtoto.

"Hii ni ya bwana ao ya bibi?" majirani walimtania.

"Ni ya mtu," alijibu. "Miti munaivua nguo kila siku. Nani anauliza kama ni bibi?"

Akaalikwa kuivaa mbele ya watu, kwenye ukumbi mmoja mjini Lilongwe. Mama Véronique akakosa usingizi. Jirani yao Lwaboshi, fundi cherehani, alikuwa amemwambia: "Mama Fidès, hapa mwanamuke akivaa pantalo, banamufunga. Njo sheria."

Véronique hakuuliza mwingine. Kule Rumonge askari walimchukua mumewe, hakurudi. Basi Fidès alipokwenda bombani, mama alichukua sindano, akaishona miguu ya suruali pamoja. Ikawa sketi.

Fidès aligundua Lilongwe, nyuma ya pazia, watu wakisubiri. Miguu ya suruali haikuachana.

"Mama, nani ameshona hapa?"

"Ni mi. Sikutaka bakupeleke."

Mwenyeji wao, mwanamke karani wa ofisi za serikali za Capital Hill aliyejua Kiswahili, akasikia. "Pole, mama. Sheria ile ya kuwakataza wanawake suruali imefutwa. Ila sokoni bado wanatuzomea." Akainua kidogo chitenje chake, kitambaa alichojifunga kiunoni. Chini yake alikuwa amevaa suruali.

Véronique akamtazama binti yake. Akaomba wembe. Akafumua uzi wote.

Fidès akatoka mbele ya watu. Wakapiga makofi. Mama alisimama mlangoni mpaka mwisho, akichungulia barabara. Polisi hawakuja.

"Batu banasema alipendeza sana," Mama Véronique alituambia msibani. "Mi sikumuona. Nilikuwa naangalia mulango."

Pole sana, Mama Véronique. Poleni, jamaa na majirani wote wa Dzaleka. Mungu amlaze Fidès pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tunaowahofia watoto wetu kila wanapotoka, tufikiri: leo tumewatazama?