Radi, Mpiga Picha wa Mechi za Usiku na Mvua

Kaka yetu, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina la Radi, na nusu nyingine ilimwita majina ambayo shangazi amekataza yasitajwe mbele ya jeneza, alizaliwa Alhamisi tarehe 2 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa fundi baiskeli, na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia. Alifungua macho akaangalia taa, mkunga akadhani ana tatizo.

Mdogo wake wa mwisho, yule golikipa mliyemwita Gundi, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu. Mjane alimpa kwa sharti moja, kwamba habari ya mechi ya mwaka 1992 isirukwe. Shangazi alipinga. Alisema, "Mazishini si mahali pa kuvuliana nguo." Mjane akamjibu taratibu, "Shangazi, mume wangu amevuliwa nguo miaka thelathini, na hakuna aliyemfunika." Basi haitarukwa. Ikifika zamu yake, mtamvumilia msomaji.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwalimu wa sayansi alimpenda, akamkabidhi kamera ya shule. Muhula mzima alipiga picha kila kitu: mashindano ya mbio, wapishi, mwalimu mkuu akipiga miayo. Watu walichana nywele, wakanyoosha kola, wakasimama foleni. Siku ya kufunga shule walipodai picha zao, alijibu bila aibu, "Kamera haikuwa na filamu. Nilikuwa najifunza kusubiri." Walimfukuza kuzunguka uwanja mara mbili. Lakini huko kusubiri ndiko kulikomlisha baadaye, na ndiko kunakotuhusu leo.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika studio ya picha za vitambulisho, na mwaka 1984 gazeti moja la jioni likamchukua kuwa mpiga picha wa michezo. Taa za uwanja wetu wakati huo mnazijua: nguzo nne, na mbili kati yake ziliwaka zikitaka. Bila flashi, mpira wa usiku ulikuwa vivuli tu. Na mvua ikinyesha, flashi nayo ilikuwa taabu. Picha zake za kwanza za mvua zilijaa madoa meupe, kwa sababu mwanga uligonga matone yaliyokuwa karibu na kamera kabla ya kumfikia mchezaji. Mhariri alizishika kwa vidole viwili, akamuuliza, "Hii ni mechi, au umetembelea kiwanda cha pamba?"

Akaenda kuumiza kichwa. Aligundua kwamba flashi haipaswi kukaa juu ya kamera. Aliifunga kwenye fimbo, akaiunganisha kwa waya mrefu, mtu mwingine akawa anaishika pembeni, hatua tatu kando, chini ya mwavuli. Mwanga ukija ubavuni, yale madoa makubwa mbele ya kamera yanatoweka, na mvua iliyobaki inaonekana nyuzi nyuzi, na jasho, na tope likiruka kutoka kwenye kiatu. Hakuna gazeti lingine lililokuwa na picha kama zile. Watu walinunua gazeti Jumatatu kuangalia mechi waliyoiona wenyewe Jumamosi.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja, na aliirudia hadi tukachoka: mpira kwanza, flashi baadaye. Alikaa nyuma ya mstari wa goli, lakini hakuwasha hata siku moja mpira ukiwa bado unakwenda kwa golikipa. Alisubiri udakwe, utemwe, au uingie, ndipo awashe. Flashi ile ilihitaji sekunde kumi kujaa moto tena, kwa hiyo kila shambulio lilikuwa na picha moja tu, na nyingi zilimpita. Wenzake walimcheka. Alisema, "Mimi nina mdogo wangu golini. Macho yake ni mali ya nyumbani."

Mwaka 1987 alipata mwenzi wa maisha, na habari hiyo familia yote inaijua kwa moyo. Aliingia kwenye duka la fundi cherehani siku ya mvua, akasema anataka koti. Fundi akachukua utepe, akauliza, "La kwako?" Akasema, "La huyu," akaweka kamera mezani. Fundi hakucheka. Aliipima kamera kama anavyopima bwana harusi, akaandika, kisha akasema, "Mteja wako shingo ndefu, mabega hana. Njoo Ijumaa." Alilishona kwa plastiki ya pazia la bafuni, na mikono miwili ya kuingizia vidole. Ijumaa ilipofika kaka alilisifu koti kwa saa nzima, hadi fundi akamwambia kama ana la kusema aliseme, duka linafungwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988. Tangu siku hiyo aliyeshika fimbo ya flashi na mwavuli ni yeye. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa ile mechi. Ilichezwa Jumamosi tarehe 14 Novemba 1992, saa mbili usiku, mechi ya mwisho ya ligi, mvua inamwagika. Timu yetu ilihitaji sare tu. Jukwaani walikuwepo wateuzi wa timu ya taifa, na kila mtu alijua wamekuja kumtazama Gundi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kichwa kimemvimba kama mkate uliozidishwa hamira. Dakika ya themanini na tatu ukapigwa mpira kutoka mbali, wa kawaida kabisa, wa kudakwa na mtoto. Ukaingia. Halafu golikipa akaanguka magotini, ameshika macho kwa glavu zote mbili, anapiga kelele, "Flashi! Flashi ya kaka imenipofusha!"

Mengine mliokuwepo mnayakumbuka, na baadhi yenu mlishiriki. Watu waliruka uzio. Mwavuli ulivunjwa. Shemeji alisukumwa akaanguka kwenye tope, fimbo ya flashi bado mkononi, na kaka alimlalia juu ili mateke yampate yeye. Golikipa alikuwa hatua kumi kutoka pale. Aliona yote. Alibaki ameshika macho, akichungulia kati ya vidole.

Jumanne kamati ya uwanja iliwaita wote wawili. Golikipa alikuwa amekesha akipanga maneno, kwa maana maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga. Hakuhitaji hata neno moja. Kaka alisimama wa kwanza, kofia mkononi, akasema, "Ni kosa langu. Niliwasha mapema." Alifungiwa kuingia uwanjani na kamera kwa miaka mitano. Gazeti likamhamishia harusi na mikutano. Januari mdogo wake aliitwa timu ya taifa, akadaka miaka tisa.

Kaka hakupiga tena picha ya mpira wa usiku. Adhabu ilipokwisha alijaribu mara moja, mwaka 1998. Alipotokea tu kwenye mlango wa wachezaji jukwaa zima likapiga kelele, "Zima taa! Zima taa!" Akageuza, akarudi nyumbani. Wimbo huo ulimfuata sokoni, kwa kinyozi, hata kliniki akiwa amembeba mjukuu. Alijikaza kisabuni, akapunga mkono na kucheka. Lakini binti yake mkubwa anasema usiku mvua ikinyesha wakati wa ligi, baba yao alisimama dirishani bila kuwasha taa, akitikisa kidole cha shahada, kama anabonyeza. Alifungua studio yake mwaka 2001, na wengi wenu mna picha zake ukutani. Mdogo wake alipotangaza kustaafu, aliyempiga picha ya kuagwa ni kaka. Alimrekebisha kola, akamwambia, "Kidevu juu, Gundi. Hujafa." Golikipa alitaka kusema siku ile. Aliufyata.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2019. Alipunguza kazi, kisha akapunguza kutembea, kisha akapunguza maneno. Tarehe 21 Aprili mwaka huu wa 2023 alilazwa, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Mdogo wake alikwenda kila siku na chupa ya chai. Jumapili moja alipiga moyo konde, akafunga mlango, akasema, "Kaka, ile mechi..." Kaka aligeukia dirisha. Akasema, "Mvua ile ilikuwa kubwa, eeh? Nimiminie chai." Akamimina. Kwa maneno hayo kaka alimfungulia mlango wa kutokea, kama alivyozoea tangu tukiwa watoto, na yeye akatoka mbio, moyo mweupe, kama mtu aliyesamehewa. Kumbe alikuwa hajaomba msamaha. Kaka alifariki Jumanne tarehe 9 Mei, saa kumi na nusu alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi jioni, baada ya wageni kupungua, mjane alimwita mdogo wa marehemu kwenye chumba cha cherehani. Aliweka bahasha ya kahawia mezani. Ndani kulikuwa na picha moja na filamu yake, na nyuma ya picha, kwa mwandiko wa kaka: "Isitoke. Mdogo wangu bado anadaka."

"Shemeji," akauliza, "tangu lini?"

"Usiku uleule. Aliisafisha filamu na tope bado nyweleni. Nilimwambia ipelekwe kwa mhariri asubuhi. Akaniambia, 'Mimi nikipoteza uwanja nina mkono wa kufanya kazi nyingine. Yule hana kingine.' Akanifunga mdomo."

"Lakini niliacha kudaka mwaka 2001!"

"Nilimwambia hivyo pia. Akasema ukweli utauleta mwenyewe. Alikusubiri, shem. Kila ulipobisha hodi aliniambia, 'Leo.'"

Mdogo wa marehemu alilia pale juu ya vitambaa, na mjane alimwacha alie. Hakumbembeleza. Alipomaliza, alisukumiwa karatasi na kalamu.

Sasa, ndugu waombolezaji, geuzeni kijitabu mlichoshika, ukurasa wa nyuma. Picha ya flashi gizani huonyesha kile tu kilichokuwepo flashi ilipowaka, si kabla wala baada. Utafuteni mpira. Umeshapita mikono, umeshavuka mstari, uko ndani ya wavu, na maji yanaruka kutoka kwenye nyuzi. Kisha mtazameni golikipa. Macho yake yamefunguka wazi, yameugeukia mpira nyuma yake, na anauona vizuri kuliko mnavyouona nyinyi. Flashi ilikuta goli limeshaingia. Kaka alisubiri, kama alivyosubiri siku zote.

Hakuna aliyepofushwa. Golikipa alikuwa ameshainua macho jukwaani kuangalia kama wateuzi wanamtazama, mpira ukamteleza kwenye glavu mbichi, akaogopa. Kaka yake alikuwa karibu, akamtupia yeye. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na miezi sita, na mtu mwingine ndiye aliyeitembea kwa miguu yake. Mdogo wake anaona aibu, na aibu hiyo ameileta hapa kwa sababu hana zawadi nyingine ya kumzikia. Shemeji, uliyeangushwa kwenye tope, anakuomba radhi mbele ya watu. Watoto wa kaka, mliozomewa shuleni kwa jina la baba yenu, anawaomba radhi. Kwa kaka amechelewa.

Marehemu ameacha mjane, yule fundi cherehani, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu wanne, dada mmoja, shangazi yetu, na mdogo mmoja wa kiume, ambaye lile goli la dakika ya themanini na tatu ni lake.

Kaka apumzike sasa, aachwe kwa amani. Mwenye neno lolote kuhusu goli lile asimtaje tena yeye. Golikipa yupo, na tukishamaliza kufukia atakuwa amesimama pale getini.